Kupima kwa Sikio

Nyuma ya Makoroboi, ukishuka ngazi tatu,
fundi Lushinge amezipanga juu ya meza ya kukatia nguo,
magurudumu yananitazama mawili mawili
kama bundi waliofumaniwa mchana.
"Chagua, mzee. Zote zinaimba."
Nani aliwahi kuuza ng'ombe akasema hana maziwa?

Ya kwanza ni Mjerumani, mbavu za mbao,
vitufe vyeupe kama meno ya mtu asiyejua ugoro.
Nikampenda uso. Nikamgeuza mgongo:
waya umeungwa kwa plasta ya kidonda.
Ya pili Mjapani, mzito, anahitaji wanaume wawili,
mishale yake inacheza ndani ya vioo vya kijani.
Laki nane, haipungui.
Ya tatu haina jina. Jina limebanduka,
yamebaki matundu mawili ya skrubu na gundi kavu,
na kona moja imetafunwa, na panya au na mtoto.

Nimekuja na tepu yangu katika mfuko wa sembe.
Muziki sikuuleta.
Muziki humhadaa mnunuzi:
ukiupenda wimbo, unaisamehe mashine.

Hii ni ya chumba cha injini.
Mwaka sabini na sita, usiku, kati ya Bukoba na Mwanza,
Rweyongeza aliteremka na kinasa sauti cha kuazima,
akakiweka juu ya debe, kwenye lile joto,
akasema, "Iko siku tutakuwa viziwi. Tuweke akiba."

Miaka ishirini na saba nilipaka grisi kule chini.
Daktari wa Bugando anasema sikio la kushoto limekufa,
la kulia limebaki robo tatu.
Inatosha. Mapigo yale nayajua
kama mke anavyozijua hatua za mumewe
akirudi amelewa.

Kwa Mjerumani, meli inakimbia.
Pistoni zinahema, Rweyongeza ana sauti ya kitoto,
kwa mwendo huu tungefika Mwanza
kabla ya kung'oa nanga Bukoba.
"Spidi si tatizo," asema Lushinge, "utazoea."
Kwenye meli, fundi,
aliyezoea ndiye aliyezama.

Kwa Mjapani, sawasawa. Sitasema uongo.
Nilihesabu kwa kidole pajani, dakika nzima, hakukosea pigo.
Mkono ukaenda mfukoni,
ukakuta laki nne na nusu,
ukarudi.

Isiyo na jina ilitaka kusukumwa kwa kidole.
Ikagoma. Ikasukumwa tena.
Ikaanza na kamlio kake, kii, kii,
kama baiskeli ya muuza maziwa,
halafu injini ikaja, kwa mwendo wake,
na chini ya injini kitu ambacho Mjapani hakunipa,
au alinipa, nami nilikuwa nahesabu hela:
kijiko.
Kijiko ndani ya kikombe cha bati,
na Rweyongeza, mzima, na koo lake la sigara:
"Magesa, chai! Iache hiyo pampu, haina miguu."

Nimelipa laki tatu na themanini, beliti mpya juu yake.
Lushinge ananishangaa, kisha anahesabu mara mbili.

Mabatini kwetu juu hakuna barabara, kuna mawe.
Kijana kaibeba kichwani, mimi nyuma
na magurudumu yangu mkononi kama sahani za msiba.
Nyanzobe alikuwa anachagua mchele.
Hakuinua uso. "Inapiga nini?"
"Injini."
Akatupa kajiwe nje ya ungo. Akatupa kengine.
Nikaiwasha. Tukasikiliza mpaka kwenye chai.
"Sukari alitia vijiko vingapi?" akauliza.

Nikarudisha tepu nyuma, tuhesabu.